Kadi yangu iko kwa mkopeshaji: barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi

Vingunguti, Dar es Salaam

Kwako Mheshimiwa Waziri,

YAH: KADI ZA BENKI ZA WAFANYAKAZI WA VIWANDANI KUSHIKWA NA WAKOPESHAJI

Nakusalimu kwa heshima. Nimefanya kazi ya kiwandani miaka kumi na minne, mitano ya mwisho nikiwa mwakilishi wa wenzangu kwenye tawi la chama cha wafanyakazi. Kiwanda chenyewe sitakitaja. Walio ndani bado wanakula humo, na ninayokueleza hayako kwetu peke yetu; ukisimama mageti ya viwanda vya Chang'ombe, Ubungo au Mabibo jioni ya mshahara utayaona kwa macho yako.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mwaka 2024 nilikwenda kutoa hela kwenye ATM moja kando ya Barabara ya Nyerere. Mbele yangu alikuwepo kijana mwenye kofia, mkononi ana bunda la kadi za benki limefungwa kwa rababendi. Kila kadi imebandikwa plasta nyeupe, na juu ya plasta imeandikwa kwa kalamu jina na tarakimu nne. Anasoma, anaingiza kadi, anabonyeza, anasubiri hela zitoke, anazihesabu, anaandika kwenye daftari dogo, kisha anachomoa kadi nyingine. Nilihesabu kadi kumi na moja kabla watu hawajaanza kunung'unika. Jina lililokuwa kwenye kadi ya saba nililifahamu. Ni la dada tuliyekuwa naye laini ya kufungasha. Saa ile yeye alikuwa zamu, amesimama mashineni, hana habari kama mshahara umeshaingia. Aliyejua ni yule kijana.

Kesho yake nilimuuliza yule dada, naye akaniruhusu nieleze hesabu yake bila kumtaja jina. Alikopa shilingi 200,000 mtoto alipolazwa. Mkononi alipewa 180,000, maana 20,000 ilikatwa papo hapo ikaitwa ada ya fomu. Mwisho wa mwezi alitakiwa arudishe 260,000. Dhamana ilikuwa kadi yake ya benki na namba yake ya siri. Kima cha chini cha viwanda kwa Amri ya Mshahara ya mwaka 2022 kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 135,000, na kwa ovataimu za mwezi mzima yeye alikuwa anafikisha 170,000. Mkopeshaji akaitoa yote. Dada alipokwenda kulia shida akapewa 30,000 ya nauli na unga, nayo ikaandikwa kuwa mkopo mpya. Zile 90,000 zilizobaki, jumlisha 30,000, weka riba ya asilimia 30, likawa deni la 156,000. Mwezi uliofuata mshahara ukatolewa tena, deni likaisha, akabakiwa na 14,000 ya kuishi siku thelathini na watoto wawili. Akakopa upya.

Ukijumlisha, kwa miezi miwili mkopeshaji alimpa 210,000 akachukua 326,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 200,000 hiyo ni 7,000. Huku mitaani mikopo hii inaitwa kausha damu, na anayedhani watu wametia chumvi katika jina hilo aje awatazame wanaorudi nyumbani kwa miguu kutoka zamu ya usiku.

Mheshimiwa, sheria tunazo. Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ya kwanza iko kwako, ya pili iko kwa Wizara ya Fedha na Benki Kuu. Mfanyakazi wa kiwandani amekaa katikati, na hapo katikati hakuna mwenye nyumba.

Tazama jinsi sheria yako inavyoulinda mshahara. Kifungu cha 28 kinamkataza mwajiri kukata hata senti bila sheria, amri ya mahakama, makubaliano ya pamoja au maandishi ya mfanyakazi mwenyewe. Nikiharibu kifaa cha kiwanda kwa uzembe wangu, mwajiri lazima anieleze kwa maandishi kwa nini ananidai, anipe nafasi ya kujitetea, na hata nikishindwa hawezi kukata zaidi ya robo ya mshahara wangu. Huo ni ulinzi mzuri, na sisi tawini tumeutumia mara kadhaa tukashinda. Lakini ulinzi huo unafika mwisho pale mshahara unapoingia benki. Robo ambayo mwajiri aliyeniajiri hawezi kuivuka, mtu wa getini mwenye daftari anaivuka mara nne kwa kubonyeza vitufe vinne.

Mtumishi wa umma angalau ana kanuni ya theluthi moja: makato yakishatolewa yote, lazima abakiwe na theluthi ya mshahara. Najua walimu nao wanashikwa kadi, viongozi wamelikemea hilo majukwaani mara nyingi. Lakini mwalimu ana kanuni ya kuinyooshea kidole. Fundi wa mashine wa Vingunguti hana.

Na nchi hii ilishaahidi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, tuliuridhia tangu enzi za Tanganyika. Kifungu chake cha 10 kinasema mshahara usikamatwe wala kuhamishiwa mtu mwingine ila kwa namna na kwa kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, na kwamba ulindwe kwa kadiri inayohitajika mfanyakazi na familia yake waweze kuishi. Kumkabidhi mtu kadi na namba ya siri ni kumhamishia mshahara. Ni kipi basi kiwango kilichowekwa kwa mfanyakazi wa sekta binafsi? Nimekitafuta kwenye kanuni zako sikukiona.

Babu yangu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, Tanga. Alitusimulia habari za kipande, ile kadi ya kuhesabia siku: hulipwi mpaka utimize siku thelathini za kazi. Alisema kitu alichokiogopa kuliko msimamizi ni kupoteza kipande, kwa sababu jasho lake lote lilikuwa limeandikwa pale. Namkumbuka kila ninapoliona lile bunda la kadi. Yeye kipande chake angalau alikuwa nacho mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo zito zaidi, ambalo liko chini yako moja kwa moja. Mkopeshaji wa getini si mgeni kila mara. Mara nyingi ni supavaiza. Au ni mtu wa ofisi ya mishahara, anayejua nani ana shida na nani analipwa kiasi gani. Kiwandani kwetu aliyekuwa akikopesha kwa riba ndiye aliyekuwa akipanga zamu. Nilikaa na mama mmoja mjamzito aliyepangwa usiku wiki tatu mfululizo. Nikamwambia sheria inakataza mjamzito kufanyishwa kazi ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, twende tukalalamike. Akanitazama, akasema, "Kaka, huyo ninayekwenda kumlalamikia kadi yangu iko kwenye droo yake." Hatukwenda.

Pale, Mheshimiwa, sheria zako zote zilikufa kwa pamoja. Saa 45 kwa wiki, ukomo wa ovataimu wa saa 50 katika wiki nne, malipo ya mara moja na nusu, hayo yote yanataka mfanyakazi anayeweza kusema hapana. Anayedaiwa na msimamizi wake hawezi. Afisa kazi akija kukagua atakuta karatasi ziko sawa na sahihi zipo, na mfanyakazi atakayemuuliza atamjibu kuwa hapa tunaishi vizuri.

Kuhusu mikopo ya simu sitasema mengi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na tulishukuru. Wenzetu wametumiwa ujumbe wa kuaibishwa kwa ndugu zao, kwa mabosi wao, hata kwa baba mkwe. Hilo lina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na walau lina pa kuanzia. Mtu wa daftari hana programu wala hana leseni ya kufutiwa, kwa hiyo orodha haimfikii.

Kinachowafikia wanaodaiwa naye ni fujo. Mwaka jana jirani yangu alichelewa wiki mbili. Walikuja vijana watatu saa kumi na mbili asubuhi, wakabeba mtungi wa gesi, sufuria mbili na godoro alilokuwa amelalia mtoto. Mtoto walimwinua wakamlaza kwenye mkeka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 48, inaizuia hata mahakama yenyewe, tena baada ya hukumu, kukamata nguo za mdaiwa, vyombo vyake vya kupikia, kitanda na matandiko. Wale vijana hawakuwa na hukumu. Walikuwa na karatasi aliyoisaini akiwa na mgonjwa hospitali. Tulipopeleka habari serikali ya mtaa tuliambiwa ni makubaliano ya watu wazima.

Najua jibu hilo utalisikia na wewe: kwamba watu wamekopa kwa hiari yao, na mkiwabana wakopeshaji maskini atakosa pa kukimbilia. Nimelifikiria sana kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukopa hivyo. Lakini tazama kwa nini tunakopa. Kwa mwaka wangu wa mwisho kiwandani mshahara ulichelewa miezi saba kati ya kumi na miwili, mara siku sita, mara kumi na nane. Kifungu cha 27 cha sheria yako ya ajira kinataka tulipwe siku iliyokubaliwa. Mwenye nyumba hasubiri, dirisha la dawa halisubiri. Mwenye malalamiko ya mshahara anaelekezwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ana siku 60 za kupeleka shauri, ajaze fomu, aitwe kwa usuluhishi, aombe ruhusa kwa bosi yule yule anayemshtaki. Mkopeshaji yuko getini saa kumi na moja jioni ile ile. Sehemu kubwa ya riba tunayolipa ni gharama ya mwajiri kuchelewa, ila anayeilipa ni sisi. Ukitaka kuipunguza kausha damu, anza na tarehe ya mshahara.

Nyongeza ya kima cha chini cha sekta binafsi iliyoanza 1 Januari 2026, ya wastani wa asilimia 33.4, tuliipokea kwa furaha ya kweli. Wiki ile ile mkopeshaji wa getini kwetu naye alipandisha. Mtu ambaye mwisho wake ulikuwa kukopeshwa 200,000 akaambiwa sasa anaweza kuchukua 300,000. Kabla mshahara mpya haujalipwa hata mara moja, ulikuwa umeshakopewa.

Sheria ya mwaka 2004 inakupa mamlaka ya kutunga kanuni kwa kushauriana na LESCO, lile baraza la ushauri wa masuala ya kazi, uchumi na jamii. Naomba kanuni iseme waziwazi kuwa mtu yeyote anayeshika kadi ya benki au namba ya siri ya mfanyakazi kama dhamana ya deni ametenda kosa, awe na leseni au asiwe nayo, na kwamba kadi irudishwe siku hiyo hiyo hata kama deni lipo. Deni libaki deni, lidaiwe kwa njia ya sheria, na lisichukue zaidi ya ile robo ambayo mwajiri mwenyewe amewekewa. Naomba iwe marufuku kwa anayesimamia wafanyakazi au anayeshughulikia mishahara yao kuwakopesha kwa riba, na mwajiri anayelijua hilo akanyamaza awajibike naye. Na kwa kuwa leseni za ukopeshaji haziko kwako, kaeni na Benki Kuu mkubaliane afisa kazi akikutana na mkopeshaji asiye na leseni ndani ya geti ampeleke wapi. Leo akimkuta, anampita.

Fomu ya ukaguzi nayo iongezwe maswali mawili tu: mshahara wa miezi sita iliyopita uliingia tarehe ngapi, na kadi yako iko wapi sasa hivi? La pili waulizwe wafanyakazi mmoja mmoja, nje ya ofisi, supavaiza akiwa mbali. Waambie tu watoe kadi mfukoni waionyeshe.

SACCOS za kazini, yaani vyama vyetu vya akiba na mikopo, zinaweza kuchukua nafasi ya yule wa getini. Yetu ilianza na watu 40, ikakopesha kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi, ikafa kwa sababu mwajiri alikuwa anakata michango yetu bila kuipeleka. Makato hayo nayo ni mshahara wetu, na kuyashikilia ni jambo la ofisi yako.

Yule dada wa laini ya kufungasha bado yuko kazini. Nilizungumza naye Jumapili iliyopita wakati naandika barua hii, nikamuuliza kadi amesharudishiwa. Alisema kadi ya kwanza iliisha muda wake ikiwa kwa mkopeshaji, akaenda benki kuomba mpya, akaipeleka mwenyewe siku hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyakazi wa zamani wa kiwandani,
Vingunguti.

Nakala: Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania.