Bikoni ya Abuu

Langoni, Lamu

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Watu huandika "sisi wazima, hofu ni kwenu", lakini safari hii hofu ilikuwa huku kwetu, na mpaka sasa sijaimaliza. Najua nimekaa kimya tangu Maulidi. Usininunie. Na ukishasoma usinipigie simu papo hapo, maana wewe hukatiza mtu kabla hajafika anakokwenda, ndiyo sababu nimempa Bi Rukia barua mkononi pamoja na hiyo achari ya embe. Shemeji apewe kidogo, nina haja naye.

Habari yenyewe ni ya Abuu. Kusi lilikuwa limeanza kulegea, nawe wamjua ndugu yangu, kungoja hawezi. Akatoka na mzee Kombo na kijana mmoja wa Faza kwenda kuvua nje ya Kiwayu. Mashine ikafa. Tanga walikuwa nalo, lakini upepo ni wa kusi na mkondo nao majira haya unakwenda kaskazini: Kiunga, kisha Ras Kamboni, kisha huko ambako hatutaki kuwaza. Mama hakutoka kwenye mswala. Mimi nilimpigia kila mwenye boti, hata yule wa Shela niliyeapa sitamsemesha tena maishani. Mwishowe jahazi moja la mashine lililokuwa likirudi kutoka Kiunga likawaona, likawavuta mpaka Kizingitini. Midomo imepasuka kwa chumvi, macho mekundu kama pilipili. Kitu cha kwanza alichoomba Abuu, chaja.

Chaja, Mwanaisha! Maji alipewa bila kuomba.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Simu aliifunga kwa mifuko miwili ya plastiki, mwanga kaupunguza mpaka mwisho, kisha kila baada ya muda anaifungua na kutazama ramani. Mtandao hakuna hata kidogo, lakini kile kidoti cha buluu kipo, na kinasogea. Yeye na mzee Kombo walikaa wameinamiana juu ya kile kioo wakijitazama wanavyoipita Kiunga. Walijua walipo kama nahodha wa meli kubwa anavyojua. Sasa juzi, baraza imejaa, ananiuliza: "Mwalimu, hiyo satelaiti iliyokuwa ikiniona, mbona haikumwambia mtu?"

Fizikia nimeifundisha miaka yote hii, na swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa tasi. Maana jibu lake ni jepesi na ni chungu: haikuwa ikimwona. Satelaiti za GPS ziko juu huko, kama kilomita 20,200, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo, mchana na usiku, kwa yeyote mwenye kusikiliza. Simu ndiyo isikilizayo. Ikizipata nne, hupima mawimbi yamechukua muda gani njiani, ikapiga hesabu, ikajua iko wapi. Satelaiti yenyewe haina habari kuwa duniani kuna mtu aitwaye Abuu. Nikawaeleza hivyo, wakanicheka. Baraza lote limeshikilia kwamba Wamarekani wanatuona mpaka nyama iliyo kwenye pilau. Nikasema hizo ni satelaiti nyingine, za picha, nazo hupita zikaenda zake. Kijidau cha mbao mbele ya Kiunga nani atakitafuta kwenye picha kama hakuna aliyemwambia atafute? Mzee mmoja akajibu kuwa mimi natetea Wamarekani. Nikanyamaza, nikanywa kahawa yangu.

Lakini usiku sikulala, nikafungua vitabu. Na nilichokumbuka ndicho kilichonikalisha kuandika.

Unajua Sputnik, ile satelaiti ya Warusi, tarehe 4 Oktoba 1957, tufe la kilo 83.6 lisilofanya lolote ila kulia bip, bip? Kule Marekani wataalamu wawili, William Guier na George Weiffenbach, wakakaa kuusikiliza ule mlio. Wakaona unabadilika: satelaiti ikija mlio uko juu, ikishapita unashuka, kama bodaboda za Mokowe zinavyokupita barabarani. Kwa mabadiliko hayo peke yake wakaipata njia yake yote angani. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: ikiwa mimi niliyesimama naweza kujua satelaiti ilipo, basi nikijua satelaiti ilipo naweza kujua mimi nilipo. Hapo zikazaliwa satelaiti za Transit, za kuongoza nyambizi zenye makombora, miaka mingi kabla GPS haijakamilika mwaka 1995. Sasa geuza mara ya tatu. Mpe mlio yule aliyepotea, satelaiti ndiyo isikilize. Hiyo ipo, shoga! Inaitwa COSPAS-SARSAT. Waliianzisha Marekani, Canada, Ufaransa na Muungano wa Sovieti, wakati ambao Marekani na Wasovieti wameelekezeana makombora. Satelaiti ya kwanza ilirushwa na Wasovieti mwaka 1982, na mwaka huo huo wakaokolewa watu watatu wa ndege iliyoanguka Canada. Waliotaka kuunguzana waliafikiana, na sisi hapa kamati ya gati haijaafikiana nani anunue balbu.

Na linaloniuma zaidi, nakumbuka ile harusi ya kina Zuhura kule Ngomeni, tulipotoka ufukweni tukayaona majukwaa ya Waitaliano yamesimama baharini kama meza zilizosahauliwa. Wewe ulidhani ni ya mafuta. Pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, ilirushwa satelaiti ikapewa jina Uhuru, ya kwanza duniani iliyotumwa kwa ajili ya eksirei za angani tu. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alikuja kupata Nobel mwaka 2002. Walipapenda pale kwa sababu ni karibu na ikweta, dunia inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa na roketi inapata msukumo wa bure, na mashariki yake ni bahari tupu, vipande vikianguka havimwangukii mtu. Roketi ya mwisho ilitoka pale mwaka 1988. Basi bahari hii hii iliyotumika kusikiliza nyota za mbali, mvuvi wake akipotea hana wa kumsikia... Ah, niache. Hata satelaiti yetu ya Kenya, Taifa-1 ya mwaka 2023, ni ya picha za mashamba na ukame. Nzuri, sikatai, ila Abuu halimi.

Haja yangu sasa. Nataka bikoni, hicho kifaa cha kulilia msaada kinachosikilizwa na satelaiti za COSPAS-SARSAT, ya mawimbi ya megahezi 406. Ukiiwasha hutuma mlio wa nusu sekunde hivi, kila baada ya sekunde kama 50, na ndani yake mna namba ya mwenye nayo, ili kituo cha uokoaji kijue kinamtafuta nani. Za chombo huelea zenyewe na betri yake hutakiwa kudumu saa 48. Zile ndogo za mtu, za kuning'iniza kwenye jaketi, saa 24. Baadhi ya mpya zina taa ya kukujibu kuwa kilio chako kimefika. Hiyo huduma inapitia satelaiti za Galileo za Ulaya tangu mwaka 2020. Hebu fikiria taa hiyo ikiwaka usiku mbele ya mzee Kombo!

Kuna jamaa hapa mjini anauza moja, imetoka kwenye meli iliyovunjwa, bei ya kutupa. Nikaigeuza. Tarehe ya betri imefutika kwa kutu, na namba ni ya meli ile ile. Ukiiwasha watatafuta meli ambayo ishakuwa vyuma chakavu. Ana na nyingine ya megahezi 121.5. Satelaiti ziliacha kuzisikiliza hizo tangu mwaka 2009. Anaisifu kweli kweli, "haijaguswa, mwalimu!" Nikamwambia na isiguswe.

Kwa hiyo, shemeji si bado yuko Kilindini? Anaweza kuuliza kwa wale wauza vifaa vya meli bei ya ile ndogo, mpya, na ya chombo pia? Kusajili namba ni kwa nani, na chombo chetu hakina karatasi za maana, watatukubalia? Betri ikiisha muda hubadilishwa hapo Mombasa au mpaka ipelekwe ng'ambo? Chama cha wavuvi kikichanga, hao wauzaji wanaweza kutuuzia kwa mafungu? Na wewe je, mguu umepona? Mwanao amerudi shule au bado anajifanya ana tumbo? Na nikiinunua kisha Abuu akaiacha nyumbani kwa kuogopa ibiwe, kama ninavyomjua, nimfanyeje?

Wako,
Khadija