Barua kwa Mwanangu Kuhusu Fimbo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na ombi lako kwamba mjukuu wangu aje likizo hii nimnyooshe "kama ulivyoninyoosha mimi" limeninyima usingizi siku mbili. Aje, lakini fimbo hataikuta.

Nilikuchapa nikiamini kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nami nililelewa hivyo hivyo na marehemu babu yako, ambaye kengele ya baiskeli yake ikisikika tu, sisi watoto tulikuwa kimya kama maji mtungini. Nina miaka 68, na mpaka leo mlango ukibamizwa moyo hunienda mbio.

Katika miaka ya 1980, huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti alishangaa kuona wagonjwa wa kliniki yake ya kupunguza uzito wakiacha tiba wakati ule ule inapowafaa. Alipowahoji, akakuta wengi walidhulumiwa kingono utotoni. Baadaye yeye na mwenzake Robert Anda waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kama waliwahi kupigwa, kutukanwa, kumwona mama akipigwa au kuishi na mlevi. Matokeo ya kwanza, yaliyotoka mwaka 1998, yalionyesha kwamba kadiri madhila hayo yalivyokuwa mengi, ndivyo sonona, ulevi, saratani na magonjwa ya moyo yalivyozidi. Tena hawakuwa watu wa dhiki; wengi walikuwa wamesoma na wana bima ya afya.

Hofu humwaga mwilini homoni kama kortisoli, ambazo zinafaa sana kumkimbia nyoka. Zikimwagika kila jioni kwa miaka, huuchosha moyo, hudhoofisha kinga na kuuvuruga ubongo ambao bado unajengwa. Si kwamba kila aliyechapwa ataugua, la. Ila mzigo huo hubebwa na mwili hata akili ikisahau.

Unakumbuka tumbo lililokuwa likikuuma ulipokuwa darasa la nne? Tulikupa dawa za minyoo mara tatu. Mama yako ndiye aliyewahi kusema kwamba lilianza saa ya mimi kurudi kazini, nami nikamkaripia. Naomba radhi, mwanangu, ingawa nimechelewa.

Mjukuu mfungie koti, huku ni mvua. Na kama tumbo lake nalo huuma jioni, niandikie kabla hajapanda basi.

Baba yako