Kwa nini miche yetu huonja kiu kabla haijafika kwako

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kitaluni kwetu hapa Dodoma, akanyanyua mche wa mwarobaini, akaugeuza huku na huku, kisha akauliza, "Kaka, mbona mifupi hivi? Kule barabarani wanauza inayofika kiunoni, na bei ni hiyohiyo."

Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo," nikaleta kisu na viriba viwili, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Cha kwanza nilikitoa safu ya karibu na bomba, ambako koki ilikuwa inavuja na miche ilikuwa inalowa usiku na mchana. Mche wake ulikuwa mrefu kweli, majani mapana, shina bado la kijani. Nilipochana kiriba, udongo ukamwagika wote chini, ikabaki mizizi michache myembamba imejikunja juujuu. Cha pili kilitoka safu ya mbali. Mche ulikuwa mfupi, shina limeshaanza kuwa la kahawia, ila udongo haukumwagika hata punje chache: mizizi ilikuwa imeusuka kama kapu. Yule mama akaushika mkononi, akakaa kimya muda mrefu akiutazama.

Wateja wengi hununua kwa kutazama juu, na sioni ajabu, maana mizizi haionekani. Lakini mti wa Dodoma huishi au hufa kwa kilichoko chini. Mvua yetu kwa mwaka haifiki milimita 600 kwa wastani, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Hata katikati ya msimu, Januari au Februari, hukata kwa wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo mche unaoupanda Krismasi unakutana na kiu ya kwanza kabla haujatimiza miezi miwili shambani, halafu unasubiriwa na kiangazi cha kuanzia Mei mpaka Novemba.

Ndiyo maana wiki sita hadi nane za mwisho tunaikomaza miche. Kivuli tunakiondoa kidogo kidogo. Maji ya kila siku yanakuwa ya kuruka siku moja moja, baadaye kila siku ya tatu. Tunaacha majani ya juu yalegee saa saba mchana, mradi jioni yasimame tena. Mche ukiamka alfajiri bado umelegea, hapo tumepitiliza, na unapewa maji papo hapo. Kazi hii inataka macho ya mtu, kwa sababu kila safu ina udongo wake na jua lake.

Ndani ya mche yanatokea mambo mengi. Mizizi ikikosa maji, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, ambayo huamuru vitundu vidogo vya kwenye majani vifunge ili maji yasipotee. Mche ambao haujawahi kupata kiu huchelewa kufunga. Uliokwisha kuionja mara kadhaa, mara nyingi hufunga mapema zaidi, kana kwamba unakumbuka. Seli zake hukusanya sukari na viini vingine vinavyoshikilia maji. Majani mapya hutoka madogo na manene, na chakula kingi hupelekwa kwenye mizizi kuliko kwenye matawi. Hata mishipa ya maji katika sehemu mpya za shina hujengwa myembamba, nayo si rahisi kuzibwa na mapovu ya hewa pale udongo unapokauka kabisa. Mapovu hayo ndiyo huua miti mingi, kwani yakishaziba njia, maji hayapandi hata ukimwaga pipa zima.

Ila tusidanganyane: kiu ina gharama. Vitundu vikifungwa, hewa inayotumika kutengeneza chakula nayo haiingii, na mche unakula akiba yake. Ukipata nafuu kati ya kiu moja na nyingine, unajenga upya na kuimarika. Usipopata, akiba inaisha, na unakufa kwenye ukame wa tatu wakati wewe ulishajiambia kuwa umezoea. Kwa hiyo usiuache mche wetu kwa sababu tu umekomazwa. Kiangazi cha kwanza, uuchimbie beseni, yaani kishimo cha kukusanya maji kuzunguka shina, weka matandazo ya nyasi yasiyogusa shina, na umwagilie kwa nafasi lakini kwa kina. Ndoo ya lita 10 kwa wiki inafaa kuliko kikombe cha kila siku. Maji ya kikombe huishia juu, na mizizi huyafuata hukohuko juu, kwenye udongo unaowaka jua.

Miembe ya kubebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, hatuikomazi kwa ukali huo. Kiungo chake kinataka upole mpaka kishike vizuri. Mbuyu na mlonge nazo zina njia yao: hujenga mzizi mnene kama muhogo mdogo na kuweka maji humo. Wateja hutupigia simu Juni wakisema mbuyu umekufa kwa kuwa umepukutisha majani yote. Tafadhali usiung'oe. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, uko hai na unangoja mvua.

Na kama shambani kwako kuna visiki vya miti ya asili vinavyochipua, usije kununua miche kwa ajili ya sehemu hiyo. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine, uyalinde na mbuzi. Chini yake kuna mizizi iliyokwisha kupita viangazi vingi, na hakuna kitalu kinachoweza kukuuzia mizizi ya namna hiyo. Huku kwetu wanaita kisiki hai, na tukija kukagua shamba lako tutakuonyesha namna ya kupogolea.

Yule mama aliondoka na miche 12, yote ya safu ya mbali. Koki tumeshaibadilisha. Ile miche mirefu tumeisogeza juani kuanza kukomazwa upya, na haitauzwa mpaka shina ligeuke kahawia na udongo ushikane na mizizi. Ukija kununua, omba tukuchanie kiriba kimoja uone mwenyewe.