Usitie Saini kwa Haraka

Kisumu

Mpendwa Baba Achieng,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Achieng na kwa watoto wote huko Nakuru. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama wewe, rubani, uanze kutafuta kazi kwingine kabla kampuni yenu ya ndege haijaunganishwa na ile nyingine. Kutafuta, tafuta, lakini tafadhali usijiuzulu kwa sababu ya fununu. Ukiacha kazi kwa hiari yako unapoteza malipo ya kupunguzwa kazi, na bondi ya mafunzo, yaani ahadi ya kubaki kazini kwa muda au kurudisha gharama za mafunzo, uliyotia saini ulipohamishiwa ndege ya Boeing 737 inaweza kukugeukia, udaiwe salio lake lote.

Kwanza uliza ni nini hasa kinachonunuliwa. Mnunuzi akichukua hisa, mwajiri wako kisheria ni yuleyule na mkataba wako unaendelea na miaka yake yote. Akinunua mali tu, yaani ndege, vipuri na mikataba ya wateja, mwajiri amebadilika, na sheria ya Kenya haihamishi ajira yako yenyewe. Mwajiri wa zamani anakuachisha, mpya anakupa barua. Hapo ndipo watu huumia. Mshahara kwenye barua ni uleule, cheo ni kilekile, lakini tarehe ya kuajiriwa ni ya mwezi huu. Baada ya mwaka mmoja wakipunguza watu, wewe ni mgeni. Kwa hiyo dai iandikwe wazi kwamba utumishi wako unahesabiwa tangu siku ya kwanza, kwa ukongwe (nafasi yako kwenye orodha ya marubani), kwa likizo na kwa malipo ya kupunguzwa kazi. Maneno "masharti yaleyale" hayatoshi.

Kuhusu ukongwe nitakuandikia kwa urefu, maana rubani huishi au hufa kwa nambari yake kwenye orodha. Chukua mfano: kampuni yenu ina marubani 30, ile nyingine ina 60, nawe ni wa 10 kwenu. Orodha zikiunganishwa kwa uwiano, mmoja wenu kisha wawili wao, unaangukia nambari 28 kati ya 90. Zikiunganishwa kwa tarehe ya kuajiriwa, na kwao kuna 50 walioajiriwa kabla yako, unakuwa wa 60. Ikiwa viti vya kapteni ni 45, kwa njia ya kwanza unabaki kushoto, kiti cha kapteni, kwa njia ya pili unarudi kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Hakuna aliyekosea hesabu. Ni njia tu iliyochaguliwa. Kuna njia ya tatu, kuwabandika wote wa kampuni iliyonunuliwa mkiani. Ndiyo iliyowapata marubani wengi wa TWA, kampuni ya ndege ya Marekani, pale American Airlines ilipoinunua mwaka 2001, na kilio chao kilichangia Marekani kutunga sheria mwaka 2007 inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki, na ikishindikana, msuluhishi aamue. Sisi hatuna sheria kama hiyo. Kinga yenu ni mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi na chochote mtakachoandikiana sasa. Chama chenu kiombe pia ulinzi wa muda, kwamba kapteni wa aina fulani ya ndege hataondolewa kitini na mtu wa upande wa pili kwa miaka kadhaa. Wakubwa wa kampuni hukubali hilo kwa urahisi zaidi kabla ya muungano kutangazwa umekamilika.

Wakifika hatua ya kupunguza watu, shika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Chama na afisa wa leba wapewe notisi ya angalau mwezi mmoja, yenye sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama aandikiwe yeye binafsi. Wanaoondoka wachaguliwe kwa kuangalia ukongwe, ujuzi, uwezo na uaminifu kazini. Likizo iliyobaki ilipwe kwa pesa, pamoja na notisi nyingine ya mwezi au mshahara wake, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa mshahara wa shilingi 600,000 ukigawanywa kwa siku 30, miaka minane ni shilingi 2,400,000. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Wakikupa mpango wa kuondoka kwa hiari, linganisha na hesabu hiyo, kisha usome aya ya mwisho, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayosema huna dai lingine lolote. Na bondi ifutwe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya ofisi ya wafanyakazi haikulindi.

Leseni nayo isilale. Miezi ya muungano safari hupungua, na ukipitisha siku 90 bila kupaa na kutua mara tatu, huwezi kupangiwa safari mpaka ufanye upya kupaa na kutua huko. Ukaguzi wa kila miezi sita kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji, ukiisha muda wake, kampuni inayokuondoa haitakulipia mwingine. Omba wa kwako ufanywe mapema wakati ratiba ingalipo. Cheti cha afya cha daraja la kwanza vilevile. Na wiki hii, wiki hii kabisa, chukua nakala za rekodi zako za mafunzo, fomu za ukaguzi na barua ya kuthibitisha saa zako, zikiwa na muhuri wa ofisi. Cheti cha uendeshaji cha kampuni moja, yaani kibali chake cha kurusha ndege, kikifungwa, makaratasi hutiwa kwenye maboksi, na mwajiri mpya anayetaka kuona ukaguzi wako wa mwisho hatasubiri mtu ayatafute.

Angalia pia ndege zenyewe. Kundi dogo la ndege za aina moja ndilo huondolewa kwanza, kwa kuwa vipuri na mafunzo yake hugharimu zaidi kwa kila ndege. Kama mnunuzi ana 737-800 nanyi mna 737-400, omba sasa mafunzo ya tofauti kati ya ndege hizo mbili. Ni mafupi na ni nafuu kuliko aina mpya nzima.

Chama kiiandikie pia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Muungano unaohitaji idhini yake hauna nguvu bila idhini hiyo, na ajira ni mojawapo ya mambo inayoyapima. Imewahi kuweka masharti ya kutopunguza wafanyakazi kwa muda.

Mkifika mahakamani, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapo Nakuru, hakuna haja ya kwenda Nairobi. Una miaka mitatu ya kufungua kesi, lakini usiisubiri iishe.

Nitumie kurasa za mkataba zinazohusu bondi na ukongwe, hata kama ni picha za simu, kabla hamjaketi na wasimamizi. Nitazipitia usiku huohuo.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Otieno