Roli za PVB na upepo wa Tanga

Dar es Salaam

Swahiba Musa,

Salamu zako nimezipata, na picha za karakana pia. Hongera sana. Umeniuliza habari za oveni, lakini jicho langu limekwama kwenye zile roli za PVB, plastiki ya kubandikia glasi mbili ziwe kioo kimoja, ulizozilundika sakafuni, ya juu foili imechanwa, na dirisha liko wazi kuelekea baharini. Hiyo iliyochanwa ishughulikie leo leo.

PVB inakunywa unyevu wa hewa. Kiwandani huiacha na unyevu usiofika hata asilimia 1, karibu 0.4 au 0.5, ndiyo maana ikafungwa kwenye foili. Kwa hewa ya Tanga, ikikaa wazi usiku mmoja tu kazi imeharibika, na ukiipanga juu ya glasi huoni kitu. Utakuja kuona mapovu kioo kikishapita kwenye joto la nyuzi 135 na zaidi, au miezi baadaye plastiki inaachia ukingoni. Mteja hatalaumu hewa, atakulaumu wewe.

Kwa hiyo kabla ya mashine ya pili, nunua ya kukausha hewa. Chumba cha kupangia kiwe na unyevunyevu wa asilimia 25 hadi 30. AC peke yake haikufikishi huko. Ila usikaushe kupita hapo. Plastiki kavu mno inaing'ang'ania glasi, haivutiki ikigongwa, na kitu kinapenya.

Roli usizilundike moja juu ya nyingine, zinabonyea. Zitundike kwa bomba lake la katikati. Halafu angalia kama kuna nailoni kati ya mizunguko. Ikiwepo, chumba cha kawaida chenye ubaridi kinatosha. Isipokuwepo, ziweke chini ya nyuzi 10, la sivyo zinagandana zenyewe. Na roli iliyotoka baridini usiifungue hadi baridi yote iishe ikiwa ndani ya foili, hata siku nzima au mbili. Si unajua chupa ya soda inavyotoa jasho?

Ukikata kipande, kilichobaki kirudi kwenye foili na vipakiti vya kukaushia, teipu izunguke vizuri. Vijana wako watasema watafunga kesho. Usiwakubalie.

Kama oveni yako ni ya vakyumu tu, ya kunyonya hewa, bila autoklevu, lile tangi la joto na mgandamizo, mimi ningeanza na EVA, plastiki nyingine ya kazi hiyo hiyo. Haina makuu: ifunge, iepushe na jua na joto la juu ya nyuzi 30. Nipigie picha lebo ya boksi, nikuambie umeuziwa ipi.

Msalimie shemeji na watoto.

Swahiba wako,
Hamisi