Mjomba, ile mitego ya kima naomba uitoe

Shikamoo mjomba. Nimesikia umetega tena waya kule juu ya shamba, upande wa msituni. Najua kima wamekutia hasara kwenye mahindi na hasira yako naielewa kabisa, ila hili kwenye simu hatulimalizi ndo maana naandika.

Huyo unayemwita mwizi ndo anayeupanda ule msitu wa Udzungwa. Kima ana mifuko ndani ya mashavu, akifika kwenye mzambarau pori anajaza haraka haraka kabla wenzake hawajamfukuza, afu anahamia mti mwingine anakaa anakula taratibu, nyama anameza kokwa anatema. Mbegu ndogo kama za mkuyu anazimeza zote, zinakuja kutoka na mavi huko mbali, na mavi yakidondoka tu wale mende wanaoviringisha mavi wanayafukia, basi mbegu imeshaingia udongoni.

We mwenyewe ushaona chini ya mti mkubwa matunda yamejaa yanaoza, miche inachipua mingi, ukipita tena baadaye huikuti. Wadudu na ukungu wanaoshambulia aina ile ya mti wamejazana hapohapo, panya nao wanajua chakula kilipo, inayobaki inakufa kwa kivuli. Mwanasayansi Daniel Janzen aliliandika hili mwaka 1970 na mwenzake Joseph Connell mwaka 1971, kwamba mbegu ikienda mbali na mama yake ndo inapata nafasi ya kukua. Na kule msitu wa Kibale, Uganda, imeonekana kwamba hata kokwa lililotemwa karibu lina afadhali, kwa sababu ile nyama inayoleta ukungu imeshatolewa.

Sio jamaa zake wote wanafanya kazi hiyo lakini. Mbega ni mtu wa majani, na mbegu nyingi anazokula zinaharibikia tumboni. Ngolaga, aina nyingine ya nyani ambaye dunia nzima hapatikani popote zaidi ya hapo kwetu Udzungwa, anabeba mbegu kama kima ila zingine anazipasua, ana meno yenye nguvu sana.

Kinachonitisha ni kwamba msitu ukikosa hawa wanyama hutaona kitu leo wala kesho. Miti mikubwa itasimama tu, inazaa, inadondosha, na chini hakuna wa kuirithi, hasa ile yenye kokwa kubwa ambayo ndege wengi hawawezi kuimeza. Hukohuko Kibale, kwenye vipande vya msitu ambako kima na wenzake wamepungua, watafiti walikuta miche michache kuliko ndani ya msitu wenyewe. Na mpunga wako mjomba unakunywa maji yanayoshuka kutoka mlima huohuo.

Mahindi yakianza kubeba niambie mapema, nitatuma hela ya vijana wawili wakae shambani asubuhi na jioni wawafukuze. Waya toa wiki hii tafadhali.