Tusi linalowaziba wavulana wetu midomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maneno mawili ambayo huku kwetu Mwanza, kwenye mialo ya Ilemela, yaani mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, yamegeuka kuwa salamu za vijana: "msenge" na "shoga". Nanunua dagaa Igombe, kwa hiyo nayasikia tangu mitumbwi inaporudi alfajiri hadi watoto wanapotoka shule. Kijana kakosa bao, msenge. Kakataa kupigana, shoga. Kawasaidia dada zake kuanika dagaa, au kalia kwenye msiba wa babu yake, ni hilo hilo. Wasichana wanaocheza mpira nao wana lao, "jike dume". Ukiwakemea utajibiwa, "Mama, tunataniana tu."

Utani naujua, na una miiko yake. Mtani akikusema unamrudishia, mnacheka wote, hata msibani. Hili halirudishiki. Ukikasirika, wanasema kumbe kweli. Ukinyamaza, wanasema amekubali. Kinachobaki ni kuonyesha uanaume, na huku ziwani uanaume huo una gharama zake. Nimeona kijana akizomewa kwa jina hilo kwa sababu tu kavaa boya, akalivua na kulitupa mchangani, mtumbwi ukaondoka. Ziwa likichafuka usiku halimuulizi mtu kama ni dume.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011, ulionyesha kuwa takribani mvulana 1 kati ya 7 alifanyiwa ukatili wa kingono kabla hajatimiza miaka 18. Sasa mtoto wa kiume aliyelawitiwa atamwambia nani? Ameshasikia kijiweni, uwanjani na darasani ataitwa nani. Atanyamaza. Aliyemtendea analijua hilo vizuri, na ukimya huo ndio ngao yake. Tunadhani tusi hili linawalinda watoto wetu, kumbe linamlinda mhalifu.

Najua wapo watakaosema huyu mama anatetea ushoga. Sheria ya nchi inajulikana, na mahubiri kila mtu anayasikia kwenye nyumba yake ya ibada. Sikuandika kujadili hayo. Ila nimewasikia wazazi wakimtetea mtoto kwa kusema, "Mwanangu si hivyo." Maana yake, angekuwa hivyo, mngekuwa na haki ya kumzomea na kumpiga mawe njiani? Mimi nasema hapana. Katiba yetu, ibara ya 12(2), inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Haikuweka mabano ya kuwatoa wengine.

Na tusiwasingizie vijana peke yao. Kocha anayefoka "msicheze kama mashoga" ni mtu mzima. Mwalimu anayecheka mwanafunzi akiitwa hivyo mbele yake ni mtu mzima, tena analipwa mshahara kumlea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna ya kumdhalilisha, na sijaona mahali ilipowasamehe walimu au makocha.

Ninaloomba si kubwa. Wenye mitumbwi waseme wazi kwamba asiyevaa boya hapandi, ili kijana asiwe na la kujieleza mbele ya wenzake. Viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, walilete suala hili kwenye mkutano wa mwalo. Wakuu wa shule wawaeleze wavulana, si wasichana peke yao, kuwa namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure, na kwamba Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi ni lao pia. Na makocha wa timu za mitaani, kuanzia Igombe hadi Nyegezi, wamtoe mchezaji anayetukana hivyo kama wanavyomtoa anayempiga mwenzake.

Mnunuzi wa dagaa,
Igombe, Mwanza